NCHI ISIYO NA PWANI: HABARI ZA ZAMBIA NA NJIA ZAKE ZA KUIFIKIA BAHARI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, na kupigwa chapa hapa kwa ombi lao.)



Nimetakiwa na Halmashauri ya chama chetu niseme mbele yenu jioni hii juu ya nchi yo yote ya kigeni niipendayo, nami nimeichagua Zambia. Yamkini wako watakaouliza kwa nini nisichague Uingereza au Uchina, ambazo habari zake zimejaa magazetini. Jawabu langu ni fupi. Wengi wetu tulio makarani tumelipitisha jina la Zambia mikononi mwetu mara nyingi kuliko jina la nchi nyingine yo yote ya nje: katika hati za shehena, katika madaftari ya forodha, katika orodha za mabehewa, na katika barua za malalamiko ya wenye malori. Tumeligonga muhuri, tukalitia katika jalada, tukaenda zetu kula. Lakini nchi yenyewe hatuijui, wala hatukumbuki kwamba muhuri ule, ukikawia siku kumi, waweza kuwa njaa au shibe huko mzigo uendako.

Basi kwanza tuitazame nchi yenyewe. Zambia ina kilomita za mraba 752,000 na zaidi kidogo, yaani imepungukiwa na Tanzania kwa kiasi cha moja ya tano. Watu wake, kwa hesabu ya mwaka wa 2022, walikuwa milioni 19.6, nao hawafikii theluthi ya watu wetu waliohesabiwa mwaka ule ule. Ni nchi pana yenye watu wachache, na sehemu kubwa ya watu hao wamekusanyika kandokando ya njia ya reli, tangu Livingstone kusini, kupita Lusaka na Kabwe, hata miji ya shaba: Ndola, Kitwe, Luanshya, Mufulira, Chingola na Chililabombwe. Huko watu husema “njia ya reli” kama sisi tusemavyo “pwani”: ndiko kwenye mishahara, maduka na taa za umeme. Mbali na njia hiyo, mwendo wa siku nzima kwa lori, mtu aweza kukutana na misitu ya miombo tu, na vijiji vya watu wakatao matawi ya miti na kuyachoma ili majivu yake yarutubishe shamba la ulezi au muhogo. Kilimo hicho waita chitemene. Wataalamu wa zamani walikilaumu sana. Lakini mtu mwenye ardhi tele iliyochoka, asiye na samadi wala fedha ya mbolea, sioni ni kilimo gani kingine angeweza kukibuni.

Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni uwanda wa juu, mita 1,000 hadi 1,300 juu ya bahari. Kwa sababu hiyo, ingawa imo katika nchi za joto, hewa yake ni ya wastani, na mwezi wa Juni usiku huwa na baridi kali. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kwisha Aprili. Kaskazini hunyesha nyingi, na kadiri uendavyo kusini hupungua. Naomba mwukumbuke mwezi huo wa Novemba, kwa maana nitaurudia.

Majirani zake ni wanane, nao ni Kongo, Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Angola. Mtu akisikia majirani wanane aweza kudhani kwamba milango ni mingi. Lakini watatu kati yao, Malawi, Zimbabwe na Botswana, hawana bahari kama yeye mwenyewe. Na Kongo, kwa ukubwa wake wote, ina ufuko mdogo tu magharibi kabisa. Tena mipaka yenyewe ilikatwa na watu waliokuwa mbali. Mpaka wa magharibi, kati ya nchi ya Walozi na Angola, uliamuliwa mwaka wa 1905 na mfalme wa Italia, ambaye Waingereza na Wareno walimfanya mwamuzi kati yao. Upande wa kaskazini kipande cha Kongo kimeingia kama kabari hata karibu kuipasua nchi mbili. Mtu wa Mufulira atakaye kwenda Mansa kwa njia fupi hana budi kupita kilomita 70 hivi katika nchi ya wengine, na kuonyesha hati zake mara mbili, ingawa ametoka Zambia na aenda Zambia. Na huko Kazungula, ambako Zambia na Botswana zagusana kwa kipande kifupi tu katikati ya mto Zambezi, daraja jipya la mita 923 lililofunguliwa Mei 2021 limejengwa kwa kupinda kama upinde, lisije likakanyaga maji ya Zimbabwe.

Mwasema, kama ina mto Zambezi, nao waenda baharini, kwa nini isisafirishe mizigo kwa maji? Swali hilo lilimshughulisha Daktari David Livingstone pia. Mwaka wa 1858 alikuja na meli ya moshi, akitumaini kwamba mto huo utakuwa njia ya biashara na dini hata katikati ya Afrika. Alifika penye maporomoko ya Cahora Bassa, katika Msumbiji, na tumaini lake likaishia hapo, kwa kuwa hakuna chombo kiwezacho kupanda miamba ile. Juu zaidi yako maporomoko makuu ambayo wenyeji wayaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi ungurumao, yenye upana wa mita 1,700 na kimo cha mita 100 na zaidi. Mito ya kaskazini, Chambeshi na Luapula, huingia katika maji ya Kongo, nayo pia ina maporomoko yake. Bandari moja ya kweli waliyo nayo ni Mpulungu, katika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ambako meli yetu kuukuu Liemba, iliyoteremshwa majini mwaka wa 1915, ilikuwa ikifika kutoka Kigoma kwa miaka mingi.

Kwa hiyo tangu zamani njia ya kwenda baharini ilikuwa miguu ya watu. Shaba ya nchi hizo haikugunduliwa na Wazungu. Huko Kansanshi na Katanga watu waliichimba na kuiyeyusha karne nyingi kabla, wakaifanya misalaba iliyokuwa kama fedha. Katika karne ya 19 Msiri, mtu wa Unyamwezi, alijifanya mfalme huko Katanga kwa nguvu ya biashara ya shaba na pembe; na Tippu Tip wa Unguja alipigana na Nsama wa Itabwa, kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika, mwaka wa 1867. Si biashara ya kujivunia yote, maana pamoja na pembe walitembea watumwa. Lakini lugha yetu ilifika huko kwa njia hizo, hata mgodi mmoja wa shaba karibu na Ndola ukaitwa Bwana Mkubwa, na jina hilo lingali katika ramani. Livingstone mwenyewe alipofariki mwaka wa 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini ya maziwa ya Bangweulu, watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaubeba mwili hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi mingi, kwa mzigo mmoja! Huo ndio ulikuwa umbali wa bahari.

Reli ilikuja kutoka kusini. Kampuni ya Cecil Rhodes, iliyoitwa British South Africa Company, ndiyo iliyotawala nchi hiyo hata mwaka wa 1924, na njia yake ilitoka Afrika Kusini, ikafika penye maporomoko makuu mwaka wa 1904, ikavuka mto hapo kwa daraja lililofunguliwa 1905, ikafika Broken Hill, ambayo sasa ni Kabwe, mwaka wa 1906, na Ndola mwaka wa 1909. Angalieni vizuri uelekeo wa reli hiyo. Ilijengwa ili kila kitu kiendacho na kila kitu kijacho kipite mikononi mwa watu wa kusini. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie katika Rhodesia ya Kusini. Hata Bwawa la Kariba lilipojengwa kati ya mwaka wa 1955 na 1959, na Watonga 57,000 wa pande zote mbili za mto kuhamishwa katika mashamba ya mababu zao, mitambo ya kwanza ya umeme iliwekwa ng’ambo ya kusini, ijapokuwa mnunuzi mkubwa wa umeme ule alikuwa migodi ya kaskazini.

Na Kampuni, baada ya kuacha utawala mwaka wa 1924, haikuacha mrabaha. Kila tani ya shaba iliyotoka ardhini iliilipa Kampuni haki yake kwa miaka 40 mingine. Uhuru ulipokaribia kabisa, mwezi wa Oktoba 1964, ndipo ilipokubali kuziacha haki hizo kwa pauni milioni 4, nusu ikilipwa na Uingereza na nusu na Zambia yenyewe. Makarani wa hesabu mliomo humu hamhitaji nieleze zaidi.

Hapa naomba ruhusa nitoke kidogo katika njia, maana jambo hili latuhusu sisi wenye vyama. Huko Mwenzo, karibu sana na mpaka wetu wa Tunduma, chama cha wasomi kilianzishwa mwaka wa 1912, kikafufuliwa mwaka wa 1923, na Donald Siwale, aliyekuwa karani wa Serikali, pamoja na Hezekiya Kawosa na mchungaji David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda aliyekuja kuwa Rais. Walizungumza habari za kodi, kazi na hali ya vijiji, kwa barua zenye adabu nyingi na hoja kali. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1922, Martin Kayamba na wenzake walikuwa wameanzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Sina hati ya kuonyesha kwamba watu hao wa pande mbili walijuana. Lakini kalamu ilikuwa moja, na mpaka uliokuwa kati yao haukuwapa fikira tofauti.

Narudi katika njia. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru wao wenyewe, nao wakakataliwa na ulimwengu na kuwekewa vikwazo. Tazameni sasa shida ya Zambia. Aliyestahili kuadhibiwa ni Rhodesia. Lakini mafuta ya petroli ya Zambia yalipita Rhodesia, shaba yake ilipita Rhodesia, makaa na umeme wake vilitoka Rhodesia. Fimbo iliyonyanyuliwa juu ya jirani ilikuwa lazima ipite kwanza katika mgongo wake.

Petroli ikagawiwa kwa vibali. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zikabeba mafuta kwa mapipa angani, kazi ya gharama isiyosemeka. Malori yakapita barabara kuu ya kaskazini kutoka Dar es Salaam, ambayo wakati ule haikuwa na lami, tope masika na vumbi kiangazi, na madereva wengi wakaachwa huko kando ya magari yao. Ndiyo iliyoitwa barabara ya Jehanamu. Watu wa Zambia wakaanza kuchimba makaa yao wenyewe, kwanza Nkandabwe, kisha Maamba. Na mwaka wa 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hata Ndola. Bomba hilo halipigiwi kelele kama reli, kwa sababu halionekani; lakini ndilo lililoitoa Zambia gizani. Kwa miaka mingi lilibeba mafuta ghafi ya kusafishwa Ndola, na tangu mwaka wa 2023 limegeuzwa kubeba dizeli iliyo tayari.

Habari za reli ya TAZARA mwazijua kwa sehemu, kwa hiyo sitazirefusha. Nchi za magharibi na Benki ya Dunia zilisema kwamba reli hiyo haitalipa. Rais Nyerere na Rais Kaunda wakaiendea Uchina, na mkataba ukatiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Kazi ilianza 1970, ikakabidhiwa Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, kupita bonde la Kilombero na kupanda milima hata Makambako, kwa mashimo 22 yaliyotobolewa katika miamba na madaraja zaidi ya 300. Mkopo wake haukuwa na riba. Gharama za kulipia wafanyakazi na mahitaji ya hapa zilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani kwetu na kwao. Wazee mtakumbuka baiskeli zile na mashati yale. Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi hiyo, na makaburi yao yako nje kidogo ya Dar es Salaam.

Jambo moja la kifundi sharti nilitaje, kwa maana limetuletea kazi nyingi ya karatasi. Reli ya Kati ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067, sawasawa na reli za kusini. Behewa la Zambia laweza kutoka Dar es Salaam likafika Cape Town, lakini haliwezi kwenda Tabora. Mizigo ya kuhamishwa kutoka reli hii kwenda ile huhamishwa Kidatu, na kila kuhamisha kuna orodha yake, sahihi yake na upungufu wake. Sasa imeongezeka na reli mpya ya milimita 1,435, ambayo mwaka wa 2024 ilianza kupeleka abiria Morogoro na Dodoma. Mji wetu mmoja, reli za mapana matatu.

Na sasa nafika penye jambo lililonifanya niichague nchi hii. Mwezi wa Januari 1973 Smith alifunga mpaka wake ili kuiadhibu Zambia kwa kuwakaribisha wapigania uhuru. Baada ya wiki chache alitaka kuufungua. Kaunda akakataa, akisema mlango uliofungwa na Smith utabaki umefungwa. Palikuwa na njia ya magharibi, reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito. Lakini mwezi wa Agosti 1975 vita ya Angola ikaifunga. Bei ya shaba nayo, iliyokuwa imepanda kupita kiasi mwezi wa Aprili 1974, ikaanguka mwaka uliofuata hata chini ya nusu. Basi nchi nzima, fedha zake zikiwa zimepungua, ikaelekeza macho Dar es Salaam.

Bandari ya Dar es Salaam haikuwa tayari. Ilikuwa ikipokea mizigo ya Tanzania yenyewe, ya Zambia, ya Kongo upande wa mashariki, ya Rwanda na Burundi. Meli zilingoja nje, mabohari yalijaa, mabehewa ya TAZARA yalikwenda Zambia yakakawia kurudi, vichwa vya treni vya kwanza vilikosa nguvu za kutosha katika ule mwinuko wa kwenda Makambako. Na hati zilikuwa nyingi, nasi tulio makarani twajua hati nyingi zinavyofanya kazi: kila moja yaingoja mwenziwe. Mwaka wa 1978, miezi ya Septemba na Oktoba, mbolea ya wakulima wa Zambia ilikuwa imekwama upande wetu huku mvua za Novemba zikikaribia. Mahindi hayangoji. Mbolea ifikayo Januari ni gunia la chumvi tu kwa mkulima aliyepanda Novemba. Ndipo Rais Kaunda, baada ya kuvumilia karibu miaka sita, alipotangaza Oktoba 1978 kwamba njia ya kusini itafunguliwa, mbolea ipite katika reli ya Smith.

Wako waliomlaumu, na hapa kwetu lawama hazikukosa, maana vita ya ukombozi ilikuwa bado yaendelea. Mimi simlaumu. Mtu aliyekuwa na bomu la Rhodesia juu ya kichwa chake, na wakimbizi katika nchi yake, na mpaka alioufunga kwa hasara yake mwenyewe, hakushindwa na Smith. Ikiwa twataka kusema kweli katika mkutano wa watumishi, alishindwa na gati, ghala na meza. Hata baada ya hapo majeshi ya Rhodesia yalilivunja daraja la Chambeshi mwezi wa Oktoba 1979, TAZARA ikakatika, na Zambia ikabaki kuitegemea kusini tena. Reli yetu ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka, na kiasi hicho haijapata kukifikia hata leo.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Serikali ilikuwa imechukua asilimia 51 ya migodi baada ya tangazo la 1969. Kampuni kubwa ya umma, ZCCM, ikaundwa 1982. Bei ikabaki chini, mitambo ikachakaa, na shaba iliyozidi tani 700,000 katika mwaka wa 1969 ikashuka chini ya tani 300,000 kufikia mwaka wa 2000, wakati migodi ilipokuwa ikiuzwa kwa wenye mitaji wa kigeni. Kisha bei ikapanda, migodi mikubwa mipya ikafunguliwa upande wa kaskazini-magharibi, Kansanshi, Lumwana na Kalumbila, na mwaka wa 2024 nchi ilitoa tani 800,000 na zaidi. Katikati ya hayo Serikali ilikopa mno katika masoko ya hati fungani, na Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 siku yake ilipofika. Ikawa miaka kadhaa ya kujadiliana na wadai, waliokubaliana naye mmoja baada ya mwingine, wengi wao mwaka wa 2023 na 2024. Huko Kabwe, ambako mgodi wa risasi na zinki ulifungwa 1994, sumu ya risasi ingali udongoni na katika damu ya watoto. Habari za mji huo zahitaji hotuba yake peke yake.

Mtaniuliza, ikiwa shaba imerudi, shida ya kukosa pwani iko wapi tena? Shaba, Mabwana, ni mzigo wenye thamani kubwa kwa uzito wake. Tani moja ni maelfu ya dola, nayo yaweza kuvumilia nauli ya kilomita 2,000. Gunia la mahindi haliwezi. Mwaka wa mavuno mengi mkulima wa Choma au Mkushi hawezi kuuza mbali, kwa sababu nauli itakula bei yote. Mwaka wa njaa, gunia lile lile likija kutoka nje lafika na nauli mgongoni mwake, na mnunuzi ni yule yule maskini. Tuliyaona hayo mwaka wa 2024. Mvua zilikatika wakati mahindi yakitoa mbelewele. Tarehe 29 Februari Rais Hichilema akatangaza kwamba ni msiba wa taifa. Mavuno, yaliyokuwa tani zaidi ya milioni 3 mwaka uliotangulia, yakawa milioni 1.5 hivi. Ziwa Kariba likapungua, na kwa kuwa umeme wa nchi ile karibu wote ni wa maji, watu wakakaa gizani saa nyingi kwa siku. Tanzania ikafanya mapatano ya kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Mahindi hayo yalikuwa na njia moja tu ya kweli: Tunduma.

Wengi wenu mmekwisha kufika Tunduma, mkaiona foleni ya malori. Sasa pana kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa nyumba moja, kwa mfano wa kile cha Chirundu kati ya Zambia na Zimbabwe kilichofunguliwa Desemba 2009. Ni jambo jema. Lakini nyumba moja haitoshi ikiwa meza ni nyingi kama zamani. Lori likikaa siku tano pale, dereva yuala, mwenye lori yuahesabu, benki yuahesabu, na hesabu zote hizo hupelekwa kwa mtu mmoja asiyejua hata jina la Tunduma, ambaye ni mnunuzi wa unga katika soko la Chingola.

Tena si hisani tu tunayoombwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka wa 1982 una sehemu nzima, ya kumi, juu ya nchi zisizo na pwani. Kifungu cha 125 chazipa haki ya kuifikia bahari na kupitisha mizigo katika nchi jirani, kwa masharti watakayopatana; na kifungu cha 127 chakataza mizigo ipitayo kutozwa ushuru wa forodha au kodi, isipokuwa malipo ya kazi iliyofanywa kweli. Afrika ina nchi 16 za namna hiyo. Nimekutana na watumishi wenye cheo kizuri ambao hudhani kwamba kupitisha mzigo wa Zambia ni fadhila, na fadhila hutolewa kwa hiari na kwa wakati wa mtoaji.

Na kama haki haitushtui, biashara na itushtue. Reli ya Lobito inatengenezwa upya, na Marekani na Ulaya zimetia mkono, ili shaba ya Kongo na Zambia iende magharibi. Daraja la Kazungula limefungua njia ya Botswana. Beira na Durban hazikulala. Kwa upande wetu, tarehe 4 Septemba 2024, mbele ya marais wa Uchina, Tanzania na Zambia, ilitiwa sahihi hati ya maafikiano ya kuifufua TAZARA. Vichwa vipya vya treni na reli mpya vyaweza kununuliwa. Siku zinazopotea mezani hazinunuliki, kwa kuwa hakuna azihesabuye.

Kwa hiyo naweka pendekezo mbele ya Halmashauri, nalo ndilo sababu ya hotuba hii ndefu. Wanachama walioko bandarini, katika TAZARA na Tunduma, kila mmoja kwa daftari lake, waandike kwa muda wa miezi mitatu siku ambayo jalada la mzigo wa kupita liliingia mezani, siku lilipotoka, na neno moja la sababu ya kukawia. Wasiandike jina la mtu wala la idara. Katibu wetu azijumlishe hesabu hizo, na chama kizipeleke kwa wakubwa kwa barua ya adabu, kabla ya mwezi wa Septemba, maana baada ya hapo mbolea itakuwa njiani.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Walio na maswali niko tayari kuwajibu, na ramani niliyoichora imetundikwa pale ukutani.